Sura ya Tano: Kazi ya Kubana

Injini iliyovuliwa kwenye gari huko Japani na kuletwa Dar es Salaam ndani ya kontena huuzwa ikiwa imelala. Haina betri wala tangi, waya zake zimekatwa kwa koleo, na chini yake kuna tairi kuukuu lililowekwa ili sampu isipondeke. Muuzaji wa Shaurimoyo au Gerezani atakwambia ni nzima, na mara nyingi anasema kweli, ila hapo ilipo hakuna namna ya kuiwasha. Ndiyo maana mnunuzi mwenye akili haendi peke yake. Anakwenda na fundi wake.

Fundi huanza na kifuniko cha oili. Anaingiza kidole, anakitazama. Oili nyeusi haimtishi. Inayomtisha ni ile iliyopauka na kutoa povu, kwa sababu hiyo imeonana na maji. Kisha anafungua plagi zote nne na kuzipanga chini kwa kufuata silinda zake. Kijana wake anapachika soketi kwenye boliti ya puli ya krenki na kuanza kuzungusha polepole, huku fundi ameziba tundu la plagi kwa kidole gumba. Pistoni inapopanda, hewa iliyofungiwa inakisukuma kidole mpaka kinaachia. Silinda ya kwanza, ya pili, sawa. Kwenye ya tatu hewa inatoka kinyonge.

“Kaka, hii ya tatu laini.”

“Bosi wangu, imekaa sana tu hiyo, ringi zimekauka. Ikiwaka inarudi.”

Fundi habishani. Anadondosha oili kidogo ndani ya tundu, kijana anazungusha tena. Hewa ikipata nguvu, kasoro iko kwenye ringi: oili imeziba upenyo uliokuwepo kati ya ringi na ukuta wa silinda, na huenda muuzaji ana haki. Isipobadilika, hewa inavujia juu, kwenye valvu au gasketi ya hedi, na hapo bei inazungumzwa upya au wanahamia injini ya pili.

Katika vipimo vyote vya ufundi wa magari, hiki cha kidole ndicho ninachokiheshimu zaidi. Kinauliza swali moja tu: injini hii inaweza kubana hewa? Anayelielewa swali hilo ameshaielewa injini kwa sehemu kubwa. Ataona kwa nini petroli na dizeli zinahitaji injini mbili tofauti, kwa nini gari linaweza kufa kwenye mafuriko ya Jangwani kwa maji yasiyojaza hata kikombe, na kwa nini gesi ya Songo Songo imeingia kirahisi kwenye IST, gari dogo la petroli, kuliko kwenye Kenta, lori la dizeli.

Eneo ninalolizungumzia si kubwa. Mchikichini ni kata ya Ilala, pale Barabara ya Kawawa inapokutana na Mtaa wa Uhuru. Wengi wanaijua kwa nguo za mitumba za soko la Karume na kwa Machinga Complex. Ila ukitembea kwa miguu kutoka hapo, ukiambaa mitaa ya Ilala kuelekea Kariakoo na Gerezani, utakutana na karibu kila aina ya injini ambayo binadamu amewahi kuitumia sana: ya Boxer ya bodaboda, ya bajaji, ya kirikuu iliyobeba nyanya, ya Kenta, ya jenereta mbele ya duka. Wanaotaka spea Nairobi huenda Kirinyaga Road. Wa Kampala huenda Kisekka. Dar es Salaam wanakuja huku.

Wazo la kubana halikuwa wazi kwa waliotangulia. Mwaka 1860, mjini Paris, Étienne Lenoir alitengeneza injini iliyovuta gesi ya taa pamoja na hewa mpaka pistoni ilipofika kama katikati ya silinda, kisha ikauwasha mchanganyiko huo hivyo hivyo ulivyo, bila kuubana. Ilifanya kazi, na watu waliinunua. Lakini katika joto lote la gesi iliyochomwa, kama asilimia 4 tu ndiyo iliyogeuka kuwa kazi. Kilichobaki kilitoka kama moto wa bure. Miaka miwili baadaye Mfaransa mwingine, Alphonse Beau de Rochas, aliandika kwamba mchanganyiko lazima ubanwe kabla ya kuwashwa, akaeleza na hatua zake, lakini hakuunda mashine. Aliyeiunda ikasimama ni Nikolaus Otto, mwaka 1876, katika kiwanda cha Deutz kule Ujerumani. Karl Benz akaweka injini ya namna hiyo kwenye gari la magurudumu matatu mwaka 1886. Tarehe 10 Agosti 1907 afisa wa Kijerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam na gari aina ya Gaggenau akielekea bahari ya upande wa pili wa Afrika. Alifika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, karibu miezi 21 baadaye. Miaka 31 tu ilikuwa imepita tangu injini ya Otto hadi siku gari lilipotoka pwani yetu kwenda kulikata bara zima.

Kwa nini kubana kuna faida kubwa hivyo? Shika pampu ya baiskeli wakati unajaza tairi, utasikia bomba lake limepata joto. Hewa iliyobanwa inapashwa moto na kule kubanwa kwenyewe, na mgandamizo wake unapanda. Ukiwasha moto ndani ya hewa iliyo katika hali hiyo, mgandamizo unaruka kuanzia mahali ambapo tayari ni juu. Halafu gesi hiyo inapata nafasi ndefu ya kutanuka, na katika kutanuka ndimo inamofanya kazi. Gesi inayotanuka sana hutoka ikiwa imepoa zaidi, maana yake joto limetumika kusukuma pistoni badala ya kutorokea kwenye ekzosi. Lenoir aliinyima gesi yake nafasi hiyo. Otto aliitoa.

Tuchukue injini ambayo msomaji wa Dar es Salaam ameipanda hata kama haijui jina: 1NZ, ya Toyota IST. Ina silinda nne, kila moja kipenyo cha milimita 75, na pistoni inasafiri milimita 84.7 kutoka chini hadi juu. Ukipiga hesabu ya silinda zote unapata sentimita za ujazo 1,497, ndizo tunazoziita cc 1,500. Uwiano wake wa kubana ni 10.5 kwa 1. Ndani ya silinda moja, pistoni ikiwa chini kabisa, kuna nafasi ya cc 413 hivi. Ikifika juu zimebaki 39. Hewa yote iliyoingia imesukumwa ikae humo.

Mipigo ni minne. Pistoni inashuka huku valvu ya kuingizia iko wazi, inavuta hewa na petroli. Inapanda valvu zote zimefungwa, inabana. Kabla haijafika juu kabisa plagi inatoa cheche, mchanganyiko unawaka, na mgandamizo unapanda hadi mara 50 au zaidi ya ule wa hewa tunayoivuta. Juu ya pistoni ndogo kama ile, huo ni msukumo unaozidi tani 2. Pistoni inashuka kwa nguvu; huu ndio mpigo pekee unaozalisha. Kisha inapanda tena, safari hii valvu ya kutolea iko wazi, na moshi unatoka. Konrodi inaipokea ile shuka-panda na kuikabidhi kwa krenkishafti, inayoigeuza kuwa mzunguko. Flaiwili, kwa uzito wake, inaivusha injini kwenye mipigo mitatu isiyozalisha kitu. Kwa kasi ya mizunguko 3,000 kwa dakika, mwendo wa kawaida barabarani, kila silinda inawaka mara 25 kwa sekunde. Zote nne zinatoa milipuko 100 kwa sekunde, zikipokezana kwa mpangilio wa 1-3-4-2.

Valvu zinafunguliwa na kamshafti, ambayo huzunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kinachoziunganisha ni cheni au mkanda wa taimingi. Kwenye 1NZ ni cheni. Kwenye injini nyingi za mkanda, mkanda ukikatika kamshafti inasimama, krenki inaendelea, na pistoni zinakwenda kuzigonga valvu zilizobaki wazi. Mtu aliyeahirisha kununua mkanda anaishia kununua hedi.

Jambo moja watu hulisahau: injini inakula hewa kuliko inavyokula mafuta. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo 1 inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Lita moja ya petroli, basi, inameza zaidi ya lita 9,000 za hewa. Katika vumbi la mitaa yetu, filta ya hewa iliyochanika inapeleka mchanga moja kwa moja kwenye ringi, na ringi zikiisha kubana kumekwisha: oili inapanda na kuungua, moshi unakuwa wa bluu, gari linakosa nguvu mlimani. Filta ni kifaa cha bei ndogo kuliko karibu kila kingine kwenye injini. Naumia kuona inapulizwa kwa kompresa mwaka hadi mwaka mpaka karatasi yake inatoboka.

Kama kubana ni kuzuri, mbona petroli haibanwi mara 20? Kwa sababu petroli ikibanwa sana inawaka yenyewe kabla ya wakati wake. Badala ya moto kutembea kwa utaratibu kutoka kwenye plagi, mchanganyiko uliobaki pembeni unalipuka wote kwa mkupuo, na injini inagonga. Ikigonga muda mrefu pistoni inapasuka ringi zake au inatoboka kichwani. Oktani inayotajwa kwenye petroli ni kipimo cha jinsi inavyovumilia kubanwa bila kujiwasha.

Watanzania walilipa ada ya somo hilo miaka ya uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, na wafanyabiashara wasio waaminifu wakayachanganya. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Ndani ya silinda inayobana mara 10 yanajiwasha mapema, na mabaki yake yanajikusanya juu ya pistoni na kuzidisha kugonga. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuyatambua yaliyochezewa, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, faida ya kuchanganya ikapotea. Mzigo wa hatua hiyo uliangukia kaya zilizopikia na kuwashia taa mafuta hayo, na hilo linastahili kusemwa kila tunapoisifu. Lakini kwa injini ulikuwa uamuzi sahihi.

Rudolf Diesel aliligeuza tatizo hilo la kujiwasha kuwa ndiyo njia yenyewe. Alizaliwa Paris mwaka 1858 kwa wazazi wa Kijerumani, akapata hataza yake mwaka 1893. Alitaka kubana hewa peke yake, bila mafuta ndani, mpaka iwe moto wa kutosha kuwasha chochote kitakachopulizwa humo. Hewa isiyo na mafuta haiwezi kujiwasha, kwa hiyo unaweza kuibana unavyotaka. Injini yake iliyofaulu, kule Augsburg mwaka 1897, iligeuza asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna mashine ya mvuke ya wakati huo iliyoikaribia. Kwenye maonyesho ya Paris ya 1900 injini ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel mwenyewe alipotea baharini usiku wa Septemba 1913, akiwa kwenye meli iliyokuwa ikivuka kwenda Uingereza.

Ukitaka kumwona Diesel akiwa kazini Kariakoo, funua boneti ya Land Cruiser mkonge. Chini yake kuna 1HZ: silinda sita, cc 4,164, haina turbo, na uwiano wake wa kubana ni 22.4 kwa 1, zaidi ya mara mbili ya IST. Hewa ya Dar es Salaam inaingia ikiwa na nyuzi 30. Mwisho wa kubanwa imepita nyuzi 500. Nozo inapuliza dizeli kwa ukungu, nayo inawaka inapogusana na hewa ile. Plagi ya cheche haipo. Zipo hita plagi, za kusaidia wakati wa kuwasha injini iliyopoa.

Kutokana na hilo mengine yote yanafuata. Mgandamizo mkubwa unahitaji bloku nene na konrodi nzito, hivyo injini ya dizeli ni nzito na ghali. Kwa kuwa nguvu yake inarekebishwa kwa kiasi cha dizeli badala ya kuizuia hewa mlangoni, haipotezi jasho kuvuta hewa kupitia tundu dogo, na ndiyo sababu Kenta iliyojaa magunia inanyanyuka taratibu kwenye mtaa uliobanana na bado haili mafuta kama ambavyo injini ya petroli ingekula. Na mtu aliyejaziwa petroli kwenye gari la dizeli kwa bahati mbaya asiwashe kabisa: petroli inakataa kujiwasha pale dizeli inapokubali, na zaidi ya hapo haina ulainisho ambao pampu na nozo zinautegemea.

Hapa kipimo cha kubana kinaonyesha umuhimu wake kwa namna ambayo dereva wa Dar es Salaam huenda asiitambue. Injini ya dizeli iliyochoka, ringi zimelegea, bado inaweza kuwaka vizuri Ilala saa sita mchana, kwa sababu hewa inaingia ikiwa tayari na joto. Ipeleke Makambako au Njombe, ilale huko usiku mmoja wa Juni. Alfajiri hewa ni ya baridi, kubana kumepungua, joto halifiki, na stata inazungusha mpaka betri inakwisha. Mwenyewe atalaumu hita plagi, atalaumu betri. Ugonjwa alitoka nao Dar es Salaam.

Safari hiyo hiyo inaonyesha kingine. Kwenye nyanda za juu hewa ni nyepesi. Mbeya, mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, silinda ile ile inapata hewa pungufu kwa zaidi ya asilimia 15 kuliko Kariakoo. Turbo husaidia kuziba upungufu kama huo. Moshi unaotoka unazungusha feni, feni hiyo inazungusha nyingine, na ile ya pili inaisukuma hewa iingie kwenye silinda kwa wingi kabla pistoni haijaanza kubana. Lori lenye turbo linapanda Kitonga bila kuhema kama lisilo nayo.

Maji hayabaniki. Mtu yeyote anayeishi karibu na Bonde la Msimbazi na ana gari angepaswa kulijua hilo kama anavyojua namba yake ya simu. Mvua kubwa ikinyesha, Jangwani panajaa. Desemba 2011 bonde lote liligeuka ziwa na watu walipoteza maisha. Dereva anayejaribu kuvuka hufikiri hatari ni maji kuzima umeme wa injini. Hatari kubwa ni mdomo wa hewa. Ukizama, injini inavuta maji badala ya hewa. Ndani ya silinda ya IST, pistoni ikiwa juu, kuna nafasi ya cc 39 tu. Maji yakizidi hapo pistoni haiwezi kufika juu, lakini krenki inaisukuma hivyo hivyo kwa nguvu ya flaiwili na silinda nyingine zote. Kinachokubali kushindwa ni konrodi: inapinda, au inavunjika na kutoka kwa kutoboa bloku. Kwenye dizeli nafasi ya juu ni ndogo zaidi ukilinganisha na ukubwa wa silinda, na madhara ni makubwa vilevile.

Gari likizimikia majini, kosa linaloiua injini ni kupiga stata. Livutwe mpaka pakavu. Kwa injini ya petroli, plagi zifunguliwe zote, kisha injini izungushwe ili maji yatoke kupitia matundu yake. Oili imwagwe na iwekwe mpya, filta ya hewa ibadilishwe. Fundi anayefanya hivyo siku hiyo hiyo anaweza kuiokoa injini. Siku tatu baadaye silinda zimeshashika kutu.

Sasa kuna injini zisizofuata mipigo minne. Umeme ulipokuwa wa mgawo, mwaka 2006 na tena 2011, Kariakoo nzima ilinguruma kwa jenereta ndogo za petroli, zile za kubebwa kwa mkono mmoja, na nyingi zilikuwa za mipigo miwili. Hazina valvu wala kamshafti. Pistoni yenyewe, ikipanda na kushuka, inafunua na kufunika matundu kwenye ukuta wa silinda. Inapopanda inabana mchanganyiko ulio juu yake na wakati huo huo inavuta mwingine chini, ndani ya nyumba ya krenki. Moto unaisukuma chini, inafunua tundu la moshi, kisha tundu la pili ambako mchanganyiko mpya unapanda kuja kuufukuza moshi. Kila mzunguko mmoja wa krenki kuna mlipuko, badala ya kila mizunguko miwili, hivyo injini ndogo inatoa nguvu nyingi. Gharama yake inajulikana na kila aliyewahi kufungua duka jirani na moja: sehemu ya petroli inatoka na moshi kabla haijaungua, na kwa kuwa petroli inapitia kwenye krenki, oili ya 2T lazima ichanganywe ndani ya petroli na iungue nayo. Bajaji za mwanzo zilikuwa hivyo, ndiyo maana wingu la moshi liliziandama. Za sasa ni za mipigo minne, cc 200 hivi, na hewa ya mitaa yetu imepata nafuu ya kweli.

Lakini ukishuka hadi bandarini utaona mipigo miwili katika umbo lisilotarajiwa. Meli kubwa za makontena, zinazoleta hizo injini za mitumba, nguo na simu za Kariakoo, huendeshwa na dizeli ya mipigo miwili. Kwenye kubwa kuliko zote silinda moja ina kipenyo cha karibu mita 1 na pistoni inasafiri mita 2 na nusu, kwa mizunguko isiyozidi 102 kwa dakika. Hewa inasukumwa na turbo kupitia matundu ya chini, moshi unatokea kwenye valvu ya juu, na mafuta hupulizwa baada ya matundu kufungwa, hivyo hakuna mafuta mabichi yanayopotea. Ufanisi wake unafika asilimia 50. Injini ya ujazo mdogo sana na iliyo kubwa kupita zote duniani zinatumia mpango mmoja. Kinachozitenganisha ni namna mafuta yanavyoingia.

Ipo pia injini ya Felix Wankel, iliyozunguka kwa mara ya kwanza mwaka 1957, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka bali rota ya pembe tatu. Mazda iliing'ang'ania kwa miongo. Inanipendeza kuitazama, lakini pembe za rota hazizibi vizuri kama ringi, inakula mafuta na oili, na hapa mjini anayemiliki RX-8 atatafuta sana fundi wa kuifungua.

Gesi asilia ndiyo habari kubwa zaidi kwa miaka hii. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na ikafika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Pale Ubungo, TANESCO inafua umeme kwa injini za gesi za Wärtsilä, 12 kwa idadi, kila moja ya silinda 20, jumla ya megawati 102. Kinyerezi wanatumia turbini, ambayo nayo ni injini ya mwako wa ndani: inabana hewa kwa feni zilizopangwa safu kwa safu, inaichoma mfululizo bila kupumzika, na gesi ya moto inazungusha mapanga.

Mtaani, magari ya teksi na ya mitandao yamefungwa mitungi ya gesi iliyoshindiliwa, na chuo cha DIT ni miongoni mwa wanaofanya kazi hiyo. Ukiangalia yanayobadilishwa, mengi sana ni ya petroli. Gesi asilia inavumilia kubanwa kuliko petroli, oktani yake inapita 120, kwa hiyo silinda ya IST inaipokea bila kugonga, na cheche ya plagi iliyopo inaiwasha. Kwenye Kenta mambo ni magumu. Dizeli haina plagi, na gesi inakataa kujiwasha kwa joto linaloiwasha dizeli. Inabidi ama upulize dizeli kidogo kama kiberiti cha kuiwasha gesi, ama uibadilishe hedi na pistoni, upunguze kubana na kuweka plagi. Hiyo ni kazi ya karakana yenye vipimo. Anayeahidi kuifanya kwa siku moja chini ya mwarobaini asipewe gari la mtu.

Nasema hivyo nikiwa na heshima kamili kwa mafundi wa mitaani. Wengi wao hawakupita VETA Chang'ombe wala chuo chochote. Walijifunza wakiwa wameshika taa kwa fundi mkubwa. Wanachokosa si akili bali vifaa, na cha kwanza ni geji ya kupimia kubana. Injini nzima ya petroli husoma paundi 150 hadi 200 kwa inchi ya mraba, dizeli hupita 350, na silinda zikitofautiana sana kuna kasoro. Kwa geji mteja na fundi wanaona namba ile ile, na ugomvi mwingi wa gereji haungeanza. Ningependa kuona kila chama cha mafundi wa Ilala kina moja ya kuazimana.

Geji itahitajika zaidi kuanzia sasa, kwa sababu magari ya haibridi yanashuka bandarini kila meli. Toyota Aqua ina injini iitwayo 1NZ-FXE. Kipenyo chake na safari ya pistoni ni vile vile vya IST, ila uwiano ulioandikwa kwenye vitabu unapita 13. Kwa petroli ya kawaida hiyo ingegonga. Haigongi, kwa kuwa valvu ya kuingizia inachelewa kufungwa: pistoni inaanza kupanda valvu ikiwa bado wazi, sehemu ya hewa inarudi ilikotoka, na kinachobanwa ni kilichobaki. Kutanuka kunatumia urefu wote wa silinda, na gesi inatoka imechoka zaidi. Mwingereza James Atkinson ndiye aliyetangulia kuifikiria injini inayotanuka kuliko inavyobana, mwaka 1882. Kwenye geji injini hiyo ikiwa nzima kabisa husoma chini kuliko ya IST, na fundi asiyejua ataikataa au ataifungua bure. Tena haina stata ya kawaida. Huwashwa na mota kubwa ya umeme ya gari lenyewe, kwa hiyo anayeinunua bila gari lake ahakikishe kwanza mota na vifaa vyake vya umeme vinapatikana.